Uzee wa Kuagiza

Wameniita karakana ya reli, nyuma ya Muthurwa,
mimi Shikuku, seremala,
wakanifunulia mchoro: tramu ya kizamani.
Zamani ipi? nikauliza.
Jiji hili halijawahi kuwa na tramu.
Injinia Kagendo akafuta miwani, akacheka:
"Ndiyo maana tukakuita."

Zile mpya zimeshafika, nne,
ndefu, kioo kitupu,
zikipita paka wa Gikomba hainui hata sikio.
Ya tano ndiyo yangu: mvule, shaba,
kengele ya kuvuta kwa kamba,
na uzee.
Uzee umo katika orodha ya kazi,
mstari wa kumi na saba, kati ya gundi na misumari:
"Kuchakaza, siku sita."

Nikapaka viti majani ya chai yaliyochacha.
Nikachapa kingo kwa mnyororo wa baiskeli.
Mbao zikaanza kudanganya vizuri.

Nguzo ya mlangoni ikanishinda.
Shaba iking'aa yote sawasawa ni shaba ya dukani.
Penye watu hung'aa pamoja tu,
pale mkono unapokimbilia gari likitikisika.
Mkono wa nani, basi?

Jumamosi nikamleta mama kutoka Kaloleni.
Miaka thelathini na mmoja alikwenda kwa miguu
kupika Upper Hill: Jogoo, Landhies, kisha kile kilima,
viatu mkobani visije vikaisha soli.
Nikamwambia, panda.
Akatazama ngazi. Akatazama miguu yake.
Akapanda kama anayepima kina cha maji,
akashika nguzo,
chini kuliko nilivyodhania.
Nikatia alama ya chaki.
"Inakwenda wapi hii?" akauliza.
Kilimani, mama.
"Sasa?"

Tangu hapo nasugua: kitambaa, majivu, limau.
Pamebonyea kiasi cha unywele,
pametoka weupe wa sarafu iliyozunguka mikononi.
Kagendo alipita jana, akapagusa,
hakusema kitu, akapagusa tena.

Siku itakapotoka na kengele yake,
magurudumu yakisaga mchanga kwenye reli zenye umande,
kijana fulani atashika hapo bila kutazama,
simu mkono wa pili,
na atawaza: gari hili limebeba wengi.

Limebeba mmoja.
Na siku ile lilikuwa juu ya magogo,
halijafungwa magurudumu.