Haina Ardhi

Injini ya kwanza ilinoki barabara ya Nizwa, mwezi wa Agosti,
rejeta ikipiga kelele kama birika lililosahauliwa jikoni.
Baba aliisukuma Kamaro mpaka kivulini.
Hakuna kivuli barabara ya Nizwa;
basi aliisukuma mpaka kwenye kivuli cha kibao kinachosema Nizwa,
akaketi changaraweni, akaiomba radhi.

Hivyo asimuliavyo mama, na mama huongeza chumvi.
Nijualo mimi ni miaka kumi na tisa ya turubai,
uani kwetu Al-Khuwair, paka wakizalia kiti cha nyuma.
Baba alipofariki kaka zangu wakataka kuiuza kwa ratili.
Nikasema niachieni.
Wakacheka: mhasibu wa benki, na spana!

Injini nyingine niliipata Sharja,
kwenye viwanja vya magari yaliyopinduka.
Ya Yukoni, silinda nane,
mchanga wa jangwani ungali umeganda mapajani mwake.
Muuzaji aliiapia kwa watoto wake watatu,
kisha akapunguza bei,
nikajua watoto ni wawili.

Fundi wangu Shamsudini, mtu wa Kerala,
ana gereji Wadi Kabir, mlango wa bati, feni isiyogeuza shingo.
Tunaongea kile Kiarabu cha gereji,
kisicho na vitenzi,
maneno yamekatwa kama mabomba ya eksozi.
Tulikata, tukachomelea, tukapima,
tukagundua tulianza kukata kabla ya kupima.
Ramadhani nzima, baada ya tarawehe,
tambi za mama zikipoa juu ya boneti.

Siku ya kuiwasha: ufunguo. Tk.
Ufunguo. Tk.
Betri mpya. Pampu inavuma. Petroli imefika.
Taa zote za dashibodi zinatukodolea macho,
na stata kimya, kama mgeni aliyeulizwa mshahara wake.

Shamsudini akaingia mvunguni. Nikabaki na visigino vyake,
vimepasuka kama wadi wakati wa kiangazi.
Muda wa sigara mbili, si neno.
Halafu kutoka chini:
"Makina zeni. Kullu zeni. Mafi ardhi."

Injini nzuri, kila kitu kizuri. Haina ardhi.

Waya mmoja mweusi, mnene kama kidole gumba,
wa kuifunga injini na mwili wa gari. Tumeusahau.
Na pale pa kuufungia tumepapaka rangi,
nyeusi, ya kung'aa, tabaka tatu.
Umeme ulikuwamo, ila haukuwa na njia ya kurudi.

Nilicheka peke yangu. Neno hilo hilo, kwao na kwetu!
Baba alizaliwa Wete, na Wete walimwita Mwarabu;
huku, kila alipofungua mdomo dukani,
mwenye duka alisema, aa, Zinjibari.
Shamsudini hakuuliza nacheka nini.
Alinipa msasa. "Wewe," akasema.
Nikaparua rangi mpaka chuma kikatoka,
upana wa sarafu ya baisa hamsini,
nikakaza nati.

Haikuwaka kwa adabu. Ilikohoa,
ikatema moshi uliowafukuza kunguru juu ya bati,
ikanguruma hata madobi wa jirani wakatoka na pasi mikononi,
na gilasi ya chai ikatembea yenyewe mpaka ukingoni mwa meza.
Shamsudini akaidaka bila kuitazama.

Ijumaa nikamchukua mama.
Akaja na kitambaa, akafuta kiti nilichokwisha kukifuta.
"Haina kiyoyozi?"
"Haina."
"Na sauti hii siyo."
"Injini nyingine, mama."
Akanyamaza hadi taa nyekundu za Ghubra.
Hapo akafungua kisanduku cha mbele, mkono wake ukijua kitasa kinakwama wapi,
akapekua chini ya karatasi,
akatoa kibanio cha nywele, cha kijani, cha msichana,
akakibana ndani ya shela yake
kana kwamba alikiacha jana.

"Taa imewaka," akasema. "Unangoja nini?"