Nusukaputi

Chumba kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu;
harufu ya dawa ya mahindi inapanda ngazi pamoja nasi.
Nafuna ameshika funguo za gari.
Leo siendeshi. Nimetia sahihi kwamba siendeshi.

Miaka thelathini na mmoja nimewalaza watu wa Nakuru:
walioungua uji, waliokatwa na panga la ndugu,
akina mama wa saa tisa usiku, stima imepotea,
mashine imenyamaza, na ketamini peke yake
ndiyo isiyohitaji umeme wala kubembelezwa.
Nilikuwa nikiwaambia: hesabu kutoka kumi, ukirudi nyuma.
Hakuna aliyefika tatu.

Sasa Daktari Nyaguthii ananifunga kitambaa cha presha
nami namsahihisha: juu kidogo, kiwiko kiko hapa.
Anacheka. Anajua ni woga unaosema.

Hakuna aliyekufa kwetu.
Niliandika hivyo kwenye fomu, kwa herufi kubwa,
maana wote huuliza: nani amekufa? Una deni? Umerogwa?
Nilistaafu kwa keki. Ng'ombe wangu wawili wanakamuliwa Kiamunyi.
Ila tangu Februari naamka kila siku
kama mtu aliyedungwa nusu ya dozi:
visu navisikia, kidole sikiinui.
Nusukaputi. Neno nililitumia miaka yote
bila kulisikiliza.
Vidonge vya kwanza vilikwisha, nami nilivyo. Vya pili vilininenepesha.
Na ile kamba ya ndama niliyoitazama kwa muda mrefu mno,
Nafuna aliihamisha, hakusema neno.

Kitambaa cheusi machoni. Dripu.
"Kumi," nasema, kwa kuwa ni zamu yangu.
Tisa.
Nane ina ladha ya sarafu.
Saba

dari limeondoka bila kuaga.
Mikono yangu iko Lanet, miguu iko utotoni,
jina langu, Wekulo, limetundikwa kando
kama koti la mtu aliyetoka kidogo.
Nashuka ndani ya Menengai na Menengai haina chini,
ina mvuke tu, na ndani ya mvuke
yule mtoto wa Bondeni, mguu kwenye bendeji,
aliyezinduka mwaka ule akanivuta mkono:
"Daktari, nilikuwa ndani ya kengele.
Nilikuwa ile sauti yenyewe."
Nikamwambia lala, hiyo ni dawa tu.
Nikaandika: mgonjwa anaropoka. Nikasaini.

Kengele ipo. Nathibitisha.

Nilirudi kwa vipande: ulimi kwanza,
kisha tumbo likitaka kutapika, kisha aibu.
Daktari alisogeza kiti, akangoja.
Chini dukani mtu alikuwa akibishania bei ya mbegu za kabichi
na nilimpenda mtu yule, sijui kwa nini, nikalia.
Nikamweleza habari za mtoto. Kisha za wengine,
maelfu niliowasindikiza hadi mlangoni
nisimuulize hata mmoja huko kulikuwaje.
Kalamu yake ilikuwa ikienda.
"Usiandike anaropoka," nikasema.
Akanigeuzia karatasi. Palikuwa na neno moja: kengele.

Bado mara tano, alisema, na mazungumzo katikati;
dawa hufungua chumba, kufagia ni kwako,
na wapo wanaofunguliwa wakakuta hakuna ufagio.
Dawa naijua, nilimjibu. Kufagia ndiko sijafundishwa.

Nafuna anaendesha kama aliyebeba mayai.
Penye tuta la shule anaingiza gia ya tatu,
gari linakohoa, linatetemeka.
"Ya pili," nasema. "Tuta ni la gia ya pili. Mara ngapi?"
Anasimamisha gari kando ya barabara.
Tangu Februari sijamkosoa kitu chochote,
si chumvi, si mlango ulioachwa wazi.
Ananitazama, indiketa inalia tik, tik.
"Sema tena," ananiambia.