Arobaini

Leo zimetimia siku arobaini
tangu Mbaraka, kijana wa dawa, atoke chumbani mwetu
bomba mgongoni, kitambaa puani,
akasema, "Dada, wamekwisha,"
akapokea elfu thelathini na tano, akarudi zake Mburahati.

Wamekwisha.
Lakini mwili haujaambiwa.
Saa tisa za usiku unaamka wenyewe,
mkono unaipapasa simu, tochi inawaka,
nakunjua pindo la shuka kama keshia anayekagua noti bandia:
mshono, mshono,
kona ya godoro, tundu la skrubu.
Hakuna kitu. Uzi mweusi. Punje ya sukari
aliyoidondosha Tunu alipokula andazi kitandani,
na mimi nimebana pumzi
kwa ajili ya punje ya sukari.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nilikilalia. Miezi saba.
Nawajua: aliyehamia nyuma ya kalenda ya duka la saruji,
aliyeingia kwenye soketi kama fundi umeme,
waliopanga foleni pajani mwa mwanangu,
alama tatu tatu, kama mtu anayeandika deni la watu.
Harufu yao ni ya giligilani iliyovundia kwenye mfuko,
ndiyo maana hadi leo mchuzi wangu hauna giligilani
na Tunu haulizi.

Kitanda cha mninga, cha Keko, nilichokilipia kidogo kidogo mwaka mzima,
nilikifungua vipande, nikavimwagia maji ya moto uani,
usiku, wenzangu wamelala,
nikijiambia: akitokea mtu nasema nafua.
Kola ya sare ya Tunu niliipiga pasi mara mbili,
asije mmoja akamsindikiza darasani.
Dada alipopiga simu kutoka Mkuranga, nakuja Ijumaa,
nikamwambia nina safari.
Safari gani?
Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo
katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne.

Halafu juzi, kwenye kamba ya nguo,
Mama Shaweji wa chumba cha pili
(tunasalimiana kwa adabu, ukuta mmoja kati yetu)
alikuwa anaanika chandarua.
Akakiuliza chandarua, si mimi:
"Wako wamekwisha?"
Kibanio kikanidondoka.
"Wangu tangu Mfungo Sita," akasema.
"Nilikuwa nasikia unamwaga maji usiku,
nikasema afadhali, huyu anafua,
nami nikamwaga yangu, sauti zikachanganyika."
Tulicheka mpaka baba mwenye nyumba akachungulia dirishani
kuuliza kuna nini,
huku, naapa, anajikuna shingo.

Siku za mwizi ni arobaini, na za marehemu pia.
Hawa walikuwa yote mawili; sitawasomea hitima.
Nimetandika shuka jeupe, jeupe kwa makusudi,
maana muda wote ule tulilalia la kahawia
lisitutangazie damu.
Dada atafika kesho na kikapu chake cha mihogo,
nimemwambia atalala hapa hapa, upande wa ukutani.
Tunu ameuliza, "Mama, tochi?"
Ipo chini ya mto. Sijasema itumike.

Taa imezimwa. Feni inazunguka na kulalamika kwake.
Kitu kimenitembea kisiginoni.
Nimesikiliza.
Labda unywele, labda jasho, hili joto la Desemba.
Labda mbu. Jamani, nimemtamani mbu,
anayekuja akipiga kelele, mwizi mwenye adabu!

Nimejikuna
kama anavyojikuna mtu yeyote wa mji huu,
nikajigeuza.
Nyuma ya ukuta Mama Shaweji amekohoa.