Tone Jekundu Kando ya Jina

Saa tatu usiku nashusha bati la duka mpaka nusu,
na kwenye kompyuta ileile ninayochapia
barua za kuomba kazi na hati za viwanja
nafufua ukoo wangu.

Mchezo umetengenezwa na watu wa theluji:
ngome, mapanga, maaskofu, majina ya kuvunja meno.
Majina nimeyafuta yote.
Mfalme wangu ni Kondo wa Kwanza,
anavaa manyoya ya mbweha, muhogo hajawahi kuuona.
Mkewe Chausiku. Mrithi wao Mwinyimvua,
ambaye huko hanyeshewi ila barafu.

Kanuni nimezihifadhi kama juzuu ya Amma.
Babu akitwaa mataji matatu kabla ya kufa
damu inafunguka: tone jekundu
linakaa kando ya jina la kila atakayezaliwa,
na mwenye tone huanza na ushujaa, pointi mbili,
ambazo hakuzitolea jasho.
Akili ya mzazi mmoja hushuka kwa mtoto mmoja kati ya wanne.
Ya wazazi wote, mmoja kati ya wawili.
Ukioza binamu kwa binamu ili tone lisitoke nje
kizazi cha tatu huja na kibyongo na kigugumizi.
Nimeshaoza. Nimeshazika mfalme wa miaka saba
aliyeshindwa kutamka jina la ufalme wake.

Na ipo hii: mwana wa nje hapati tone.
Ngao yake hupigwa mstari mweusi wa mshazari
mpaka baba abonyeze *Mtambue*.
Bei yake, heshima mia.

Mia tu. Kondo anazo elfu nne.

Baba yangu anakaa Segerea, nyumba ya vigae vya bluu.
Aliwahi kuingia hapa Malapa kutoa kopi,
kurasa kumi na mbili, mkataba wa vipuri.
Alinitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani,
akatoa elfu mbili, akasahau chenji.
Ninayo bado, mia nane.

Mama husema kitanda hakizai haramu.
Husema hivyo akikuna nazi,
kwa nguvu, mpaka kifuu kinalia.

Alhamisi nilitoka Muhimbili na karatasi.
Tupime kwanza, Shomari alisema, ndipo tupeleke barua ya posa.
Nesi akanivutia kiti.
Chembe ya selimundu, upande mmoja.
Si ugonjwa, dada, umebeba tu.
Mwenzio hana, zaeni.
Halafu kalamu ikasimama hewani:
umeitoa kwa mama au kwa baba?

Mama alishapimwa. Hana.

Basi ilinijia hivyo.
Hakuna aliyebonyeza kitu.
Haikuuliza cheti cha ndoa, haikudai heshima mia,
ilipita chini ya mlango wa Segerea
kama barua ambayo mwandishi mwenyewe hajui kuisoma.

Ana watoto watatu wa ndani.
Wa mwisho, nasikia, kila Julai hulazwa,
viungo vinamchoma, tumbo linamjaa,
wanamfukizia ubani, wanasema katupiwa jini.
Nusu ya jibu lao imekunjwa kwenye mkoba wangu.
Lakini nikipiga hodi, wakauliza nani,
niseme nani?

Usiku huu mchezo, wenyewe, bila kuombwa,
umemletea Kondo binti wa nje.
Unataka jina. Nikaandika Tunu,
jina langu, nikafuta, nikaandika tena.
Kondo ana miaka sitini na kikohozi.
Nimeweka mshale juu ya kitufe.

Luku inalia ukutani, uniti zimebaki za kuhesabu pumzi.
Sijahifadhi chochote tangu ubatizo wa Mwinyimvua.
Giza likaingia kabla ya kidole,
na skrini ikabaki na sura yangu, paji pana,
paji ambalo mama hana.

Nikapapasa droo. Noti ya mia tano, sarafu tatu za mia.
Nimezifunga ndani ya karatasi ya Muhimbili.
Kesho Jumapili, atakuwa nyumbani.
Cha kusema mlangoni nimeshakipata:
Mzee, ulisahau chenji yako.