Sanduku la Urho

Lilikuwa chini ya meza, nyuma ya mashine ya kuzolea theluji:
droo saba zinafunguka, ya nane haitaki,
rangi nyekundu imebambuka kama mgongo wa mtu aliyelala juani,
na juu yake chungu cha ua lililokufa.
"Sitini," akasema Bi Irja, mikono mfukoni.
Nikasema thelathini.
Akanitazama buti, akanitazama kucha,
kucha ambazo sabuni ilishazinyoshea mikono.
"Unafanya kazi ya kweli," akasema. "Arobaini.
Na hilo ua uende nalo."

Tulilibeba mimi na jirani yangu Delbert,
hatua kumi na tisa hadi kwenye pikapu,
Delbert akiapa kwamba mle ndani mna maiti.
Ziwa lilikuwa limeanza kuganda pembezoni.
Meli ya mwisho ya madini ikapiga honi
na Bi Irja akageuka, kwa mazoea tu,
kama anayesikia mlango ukifunguliwa
na mtu aliyekwisha kumzika.

Chuma hakisafishwi kwa haraka.
Jioni ya kwanza, kutoa: nati yatima, visoda,
risiti ya tairi, mavi ya panya.
Ya pili, spana zote ndani ya ndoo ya siki;
nyumba ikanuka achari, binti yangu Maren
akashuka ngazi kuuliza tunakula nini.
Ya tatu, brashi ya waya, mafuta ya taa, soksi kuukuu,
na kutu ikachuruzika
kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Chini ya wekundu, kijivu.
Chini ya kijivu, chuma kitupu, na juu ya chuma,
kwa ncha ya tindo, mkono usiozoea kuandika:
E. SOBCZAK, KARAKANA YA RELI, 1947.

Kumbe hata Urho alinunua.
Hata Urho alipiga magoti mahali fulani
akilisugua jina la mwenziwe,
akachoka, akapaka rangi.
Mimi nilikuwa na kopo langu tayari, la buluu,
nimelinunua kwa pupa.
Nikalirudisha rafuni.

Droo ya nane.
Mafuta usiku kucha; ikakataa.
Nyundo ya mpira, kwa adabu; ikakataa.
Nyundo ya chuma, bila adabu,
ikachomoka yote, ikaniangukia mguuni,
nikatoa tusi ambalo Maren hakujua kwamba nalijua.

Hamkuwa na dhahabu.
Kitambaa cha kijani kilicholiwa na nondo,
na kadi moja, ngumu, yenye vidole vya grisi:
Leander, spana ya nusu inchi, Machi '61.
Kasisi, jeki ndogo, mpaka Pasaka.
Leander, ile nyingine pia.
Shemeji, bisibisi mbili, koleo, na subira yangu.
Waliorudisha amewakata kwa mstari wa rula.
Hata shemeji.
Leander hakukatwa.

Nikampigia simu Bi Irja.
Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa.
"Leander alizikwa nazo," akasema.
"Urho alitaka kuuliza palepale kaburini. Nikamfinya."
Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hawakumjua Leander:
matanga yalianuliwa na bado hajalipa.

Sasa limekaa ukutani kwangu, halimeremeti,
lina makovu yake, jina la Sobczak liko wazi.
Droo zinateleza kwa nta ya mshumaa.
Spana nimezipanga kwa ukubwa, na pale pa nusu inchi
nimeacha pengo. Ninayo yangu, naiweka kwingine.
Msiniulize.

Jumamosi alikuja Delbert, pua nyekundu kwa baridi,
mashine yake ya theluji imezimika katikati ya njia.
Anaomba soketi. "Dakika tano tu."
Nikampa.
Alipofika getini nikaivuta droo ya nane,
nikailamba ncha ya penseli.