Tundu

Bi Mwanamize alikuja baada ya alasiri,
si na kikuku cha kuunga, wala kipini kilichong'oka ua,
bali na leso iliyofungwa fundo la mtu asiyetaka kuulizwa.
"Nipimie," akasema. "Nambia ni fedha au si fedha."

Si fedha. Niliigonga kwenye fuawe nikasikiliza.
Shaba huitika kwa sauti nzito,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Mkono ukaifuata ndimu, nikauzuia:
weusi ule ni umri, hausafishwi.

Nikatia lenzi jichoni.
Usoni, mwanamke wa Marekani, nywele wazi,
shingo imekatwa na mtu aliyejua mshipa unapopita.
Chini ya shingo herufi mbili, ndogo kuliko chawa:
mchongaji, amejificha mule
tunamojificha sote mafundi.
Kisogoni, merikebu imelalia ubavu mwambani,
na jina, limeandikwa na sikio la kigeni:
FAMAO, LAMOO.

"Famau. Babu wa mamangu.
Aliwatoa Wamarekani kumi na mmoja, usiku, mwamba wa Kiwayu,
kwa kamba ya makumbi.
Wakampa majora mawili ya merikani.
Hiki kilikuja mwaka wa tatu, ndani ya kisanduku cha mahameli."

Majora yakawa kanzu, kanzu zikawa matambara,
matambara yakafutia taa.
Kisanduku walikila mchwa.

Nikampelekea Nyaga picha, kule Nairobi,
mwalimu mstaafu mwenye droo kumi na nne za nishani,
kila nishani na kitanda chake.
Akapiga simu kabla sijaweka yangu chini.
"Ziligongwa chache! Muhuri wenyewe ulipasuka,
tazama ufa chini ya ile O.
Ningekupa bei ya punda watatu.
Lakini lile tundu, jamani, nani kalitoboa?
Limeiua. Punda mmoja. Tena kilema."

Nikarudi kwenye lenzi, safari hii kwa ajili ya tundu.
Halikuwa la msumari.
Limekaa juu ya kichwa pasipo kugusa unywele,
midomo yake imelainishwa kwa tupa ya mkia wa panya,
na kulizunguka, nukta saba
ambazo Nyaga alidhani ni kutu.
Nazijua. Babu yangu Shekuwe
alizitia kwenye kila hirizi aliyoifunga;
moja inaning'inia hapa dukani tangu afe,
mwenyewe hakuirudia.

"Mamangu alikuwa na degedege," akasema Bi Mwanamize.
"Wakamvika, kwa uzi mweusi.
Walisema aliyeokoa kumi na mmoja
hashindwi na mmoja."

"Akapona?"

Akanikazia mato.
"Kwani mimi nimetoka wapi?"

Usiku nikamwandikia Nyaga:
hii ina wachongaji wawili,
wewe umemsoma mmoja.
Herufi mbili upande ule, nukta saba upande huu,
na kati yao bahari nzima, hawakuonana,
ila wamekutana kwenye upana wa kiganja.
Nikaongeza bei: punda wanne.

Hajajibu.

Asubuhi nilitia kipete kipya, cha fedha,
kwenye tundu kuukuu. Kiliingia chenyewe.
Bi Mwanamize alinilipa kwa mikate ya mofa, bado ya moto,
akaifunga leso yake, fundo safari hii jepesi.
Dari la nyumba yake lingali linavuja.
Aliniambia akiwa mlangoni, bila kugeuka.