Bati Letu kwa Mbali

Pesa zilikuwa za Mombasa.
Tulizihesabu miaka mitatu ndani ya mkebe wa kahawa,
miaka thelathini ya ndoa, tukasema, si haba,
na sisi twende tukalale hotelini.
Kisha mvua ya Aprili ikaja na upepo wake,
ikaondoka na nusu ya paa la nyumba yetu kule Riat.

Fundi aliula mkebe mpaka kitakoni,
akatuachia noti nne.
"Mtu hujikuna ajipatapo," Zablon akasema,
na Jumamosi ya pili ya Oktoba
tukashuka Dunga, nusu saa tu kutoka mlangoni petu.

Njiani, Milimani, mijakaranda ilikuwa inajivua.
Barabara nzima zambarau.
Mama mmoja anafagia mbele ya kioski chake,
anafagia, mti unamwagia tena,
anafagia, anasimama, anautazama mti,
anakalia kreti ya soda.

Mwenye boti, kijana Obuya, akamtambua mume wangu:
"Mwalimu! Ulinichapa kwa sababu ya ramani."
"Ulikosea nini?"
"Nilisahau Uganda."

Hapa lazima niseme jambo.
Zablon amefundisha jiografia miaka thelathini na minne.
Kila Januari alilichora ziwa hili ubaoni kwa chaki ya buluu,
mkono hauinuki mpaka ufuo ukutane na ufuo,
na hajawahi kuliingia hata kufikia goti.
Anaogopa maji. Nilijua,
nikanyamaza,
kama unavyolinyamazia tundu la soksi ya mgeni.

Injini ikakohoa mara tatu.
Mafunjo yakatupisha, yakajifunga nyuma yetu.
Mdiria akasimama hewani bila kushika kitu,
kisha akadondoka kama kalamu.
Na magugumaji yalikuwa yamechanua,
zambarau ileile,
labda yule mama alishinda mwishowe,
akaifagia Milimani yote hadi huku.
Nilifurahi. Kisha nikaona haya,
maana ua hili limefunga nyavu za watu,
limelaza watoto na njaa.
Lakini macho hayaombi ruhusa.

Zablon alikuwa ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili.
Nilimngoja ataje kilomita za mraba.
Hakutaja.
"Halina kingo," akasema.
Baadaye kidogo, kama anayekiri kosa:
"Miaka yote mimi nilichora kingo."

Obuya akazima injini, tukaelea.
Milima ya Nandi ilikuwa moshi tu, buluu juu ya buluu,
na uwanda wa Kano umelala chini yake, umekauka,
unaisubiri vuli kama deni.
Hakuna aliyesema neno.
Maji yakaramba mbao.

Ndipo juu ya Riat, kati ya mawe na michongoma,
kitu kikang'aa. Kidogo,
kama kioo cha kunyolea.
"Ile," nikasema.
"Ipi?"
"Kushoto kwa mnara wa simu. Ile ni yetu."
Akaachia mkono mmoja ili aoneshe,
akasahau kuurudisha.
Mombasa yetu yote ilikuwa pale,
imepigiliwa misumari,
inawametea watu wasioijua.

Usiku vuli ikafika bila kubisha.
Nilipapasa kitanda, nikakuta nafasi baridi.
Nikadhani ameenda kutafuta panapovuja.
Nilimkuta mezani na taa ya sola,
nyuma ya risiti ya mabati amechora ziwa,
ghuba yetu, Rusinga, Mfangano,
kisha mkono umeinuka,
upande wa machweo ameuacha wazi.

"Umesahau Uganda," nikamwambia.

Mvua ilikuwa inapiga bati.
Hakusikia.